Dakika Mbili Kibandani

Jumanne, 3 Juni 1980. Ibra, Omani.

Shajara hii nilipewa bure na muuza vipuri wa Matrah, kwa kuwa mwaka umeshafika nusu na hapana aliyeitaka. Cha bure sikukizoea. Zanzibar niliondoka na suruali moja, Kuwait nikajifunza mitambo ya baridi kwa kuwashikia taa mafundi, na kiwanda hiki cha barafu nimekisimamisha bila ya mkono wa ndugu. Basi nitaandika, kitabu kisikae bure.

Joto digrii arubaini na tatu kivulini. Mapande mia mbili yametoka, yote yamekwenda. Mke wangu Rahila amelala mchana kutwa. Miguu imemvimba tena.

Jumatano, 4 Juni

Posta imeleta kifurushi kutoka Kanada. Vitabu tena. Sikukifungua.

Ijumaa, 6 Juni

Kimefunguliwa na binti yangu Khole, kitandani kwa mama yake, bila ya kuniuliza. Vitabu vitatu, vyote vya mchezo mmoja: hoki ya barafuni. Kimoja cha watoto wadogo, picha kubwa maneno machache. Kimoja cha vijana, kinafundisha sheria. Kimoja kinene cha watu wazima, kimejaa habari za wachezaji waliokwishastaafu. Pamoja na vya nyuma sasa ni kumi na vinne. Hapa Ibra mtu hajapata kuona barafu ila niliyoigandisha mimi, na nyumbani kwangu mna vitabu kumi na vinne vya watu wanaokimbizana juu yake wamevaa viatu vyenye visu.

Mtumaji ni mwanangu Nadhir. Nilimpeleka Kanada mwaka sabiini na tano asomee uhandisi wa mitambo ya baridi, arudi tukikuze kiwanda. Mwaka wa nne akaacha chuo, akaajiriwa na wachapaji wa vitabu hivi, awachoree picha. Habari ilinifikia sabla, ukumbini mwa wanaume, mbele ya watu na kahawa mkononi. Rafiki yangu Marhun, aliyekulia Kongo, hana mzaha anaouacha upite. Akasema: “Yakhe Musallam, hamkupotezana! Wewe unauza barafu, mwanao anaichora.”

Watu wakacheka. Nikaweka kikombe chini, nikala yamini ya talaka: Nadhir akikanyaga ndani ya nyumba yangu, mama yake ameachika, talaka tatu.

Kicheko kilikatika pale pale. Hapa yamini ya namna hiyo haihesabiwi kuwa maneno ya hasira. Ikishatoka, aliyeitoa hana tena ruhusa ya kujifanya hakusema. Tangu siku hiyo ni mwaka na nusu. Nadhir hakuja. Anatuma vitabu.

Jumatatu, 9 Juni

Digrii arubaini na nne. Mapande mia mbili na kumi. Rahila amekula vijiko viwili vya uji.

Alkhamisi, 12 Juni

Turkiya amekuja kumtazama mgonjwa. Huyu ni mama wa Kibedui. Kila kaidhi, joto likikaza, huja na watu wake kwenye shamba lao la mitende nyuma ya kiwanda, wakavuna tende. Kiswahili hajui, Khole akawa mkalimani. Nilikuwa ukumbini nakaza parafujo la feni, lililokuwa limeshakaza.

Khole alimwonyesha picha ya golikipa, uso umefunikwa na kinga. Turkiya akaishika barakoa yake mwenyewe puani.

“Hee! Kumbe huko wanaume ndio wavaao barakoa? Na wanawake wao?”

“Wanakaa vitini wanapiga makelele, mama.”

“Basi nchi imepinduka. Na huyu anaficha nini?”

“Meno. Wanapiga kisahani kigumu kwa magongo. Kikimpata usoni kinamng'oa meno.”

“Mimi barakoa nimeivaa tangu mwari, na meno hayo yamekwenda yote!”

Rahila alicheka. Sikumsikia akicheka tangu baridi ilipoondoka. Nilibaki na bisibisi mkononi mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

Ijumaa, 20 Juni

Tumekwenda tena Maskati kwa daktari. Moyo umechoka, hapana dawa mpya. Nilimuuliza muda. Akasema hawapigi hesabu hiyo. Nikamwambia mimi napiga. Akanitazama, akasema: “Kaeni naye, mzee.”

Njiani Rahila akasema, “Baba Nadhir, namtaka mwanangu.”

“Unajua haiwezekani.”

“Najua. Nimekwambia namtaka. Sikukwambia inawezekana.”

Ijumaa, 27 Juni

Baada ya sala nilikwenda kwa kadhi, shekhe mpole, mtu wa maneno machache. Nikamweleza.

“Ulisema ngapi?”

“Tatu.”

“Moja haikukutosha?”

“Nilikuwa na hasira, shekhe.”

“Nasikia wewe mtu wa hesabu. Neno lako limesimama. Akiingia nyumbani mwako, Rahila si mkeo. Usitafute wa kukwambia vyengine. Utampata, kisha hutamuamini.”

Nimerudi na ghadhabu, na sijui namghadhibikia nani. Nilimtaka mtoto asome. Je, hilo ni kosa? Baba yangu hakunipeleka hata darasa la nne.

Jumatano, 2 Julai

Magharibi Khole alikuwa anamsomea mama yake kile kitabu cha sheria, anakifasiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nilikuwa mlangoni. Siku hizi niko mlangoni mara nyingi.

“Mchezaji akimkwatua mwenzake, refa anamtoa. Anakwenda kukaa kwenye kibanda pembeni, peke yake, dakika mbili. Kosa likiwa kubwa, tano.”

“Halafu?”

“Halafu mlango wa kibanda unafunguliwa, anarudi kucheza.”

“Na wenzake muda huo?”

“Wanacheza pungufu, mama. Hawaruhusiwi kumweka mwengine mahali pake.”

Rahila akainua kidole. “Hapo soma tena.”

Khole akasoma tena. Kisha Rahila, bila ya kugeuza kichwa, maana kivuli changu anakijua, akasema: “Baba Nadhir, umesikia? Dakika mbili. Na timu nzima inapungua.”

“Mchezo una saa,” nikasema. “Nyumba haina.”

“Ndiyo,” akasema. “Hilo ndilo ninalolisema.”

Jumamosi, 5 Julai

Mtambo namba mbili umekufa saa sita, umefufuka saa kumi. Mapande mia na arubaini tu.

Jumanne, 8 Julai

Khole amempelekea Nadhir simu ya upepo: mama mgonjwa, njoo. Ameniambia leo, jibu lilipofika. Nadhir anasema yuko tayari wiki hii.

“Nani aliyekuruhusu?”

“Mama.”

“Na akija atafikia wapi? Asimame njiani kama mwombaji, watu wa sabla wapite wamtazame? Mama yake ndani, yeye nje?”

“Sijui, baba. Wewe ndiye unayejua milango.”

Ana miaka kumi na saba na ulimi wa bibi yake. Nimekwenda posta mwenyewe. Nimepeleka neno moja: NGOJA. Sikutaka kumkataza. Nilitaka nipate njia kwanza. Mimi sianzi kazi bila ya vipimo. Ndivyo nilivyojiambia.

Alkhamisi, 10 Julai

Wanachemsha mabsali, tende za kukaushwa, mashambani, moshi wa masufuria umetanda mji mzima. Khole anasema kile kitabu kinene kimeandika kwamba uwanja wa hoki humwagiwa maji ya moto, tabaka nyembamba nyembamba, ndipo barafu itulie bila ya ukungu. Nikamwambia waandishi hawajagandisha kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimechemsha maji ya mapande kumi, kujaribu tu. Yametoka maangavu kama kioo, unamwona mtu wa upande wa pili. Sikumwambia Khole.

Jumatatu, 14 Julai

Mwezi mosi Ramadhani. Digrii arubaini na sita. Magari yamejipanga tangu alfajiri. Kila nyumba inataka pande la futari. Mapande mia mbili na hamsini, na watu bado wakagombana mlangoni. Rahila, kadhi ameshamwambia asifunge. Analia kwa hilo kuliko maumivu.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimeambiwa niliyostahili kuambiwa zamani.

Turkiya alikuja alasiri. Alikuwa ameshasikia habari ya yamini. Ibra nzima imesikia. Akakaa chini, akasema na mimi kwa Kiarabu, moja kwa moja, kama anavyosema na wanunuzi wa mbuzi wake.

“Yamini yako imeshika nyumba yako. Shamba langu imelishika?”

“Hapana.”

“Kaidhi hii watu wote wamehamia kwenye mitende. Wewe tu umemfungia mgonjwa kwenye kuta za saruji. Mlete kwangu. Mwanawe akija, anakuja kwangu.”

Jambo jepesi kama hilo. Kila mwaka watu wa mji huu hubeba mikeka yao wakahamia mashambani, nami kila mwaka huwauzia barafu huko huko. Wiki nne nimelizunguka jambo hili kama punda wa kisima, na mlango ulikuwa nyuma ya kiwanda changu.

Nikaingia kwa Rahila nimwambie. Nilidhani atafurahi.

“Umelijua leo?” akauliza.

“Leo.”

“Mimi nimelijua tangu ulipotoka kwa kadhi. Nilikuwa nangoja ulione mwenyewe.” Akavuta pumzi, siku hizi kila sentensi ina bei yake. “Musallam, mlikuwa mnagombana nyie wanaume wawili. Rehani nikawekwa mimi. Hapana aliyeniuliza kama nakubali kuwekwa. Sikukwambia, nikasema huenda siku moja mwenye rehani akakumbuka kuja kuikomboa.”

Miaka ishirini na sita tumeoana. Nilimtoa Unguja na mtoto mgongoni, nikamweka Dubai chumba kimoja, nikamleta huku jangwani, na kila mara nikijihesabia mema yangu yeye nilimtia upande wa mema. Sikupata kufikiri kwamba naye ana hesabu yake.

Posta ilikuwa imefungwa. Nimemtuma Marhun Maskati usiku huu huu na maneno mawili: NJOO UPESI.

Jumatatu, 21 Julai

Nimejenga banda la makuti ya mtende shambani kwa Turkiya, karibu na mfereji wa falaji. Matundu upande wa upepo nimetundika mikeka iliyorowa. Nyuma ya mikeka, mabeseni manne ya barafu. Nyuma ya mabeseni, feni kubwa ya kiwandani, waya umevutwa kutoka kwenye jenereta. Nje arubaini na tano. Ndani thalathini na moja. Tumembeba Rahila na kitanda chake, na vitabu vyake kumi na vinne.

Alipotolewa mlangoni aliushika mwimo. Kidogo tu, kisha akauachia.

Ijumaa, 25 Julai

Mapande arubaini kwa siku yanakwenda bandani. Wateja wananung'unika. Mmoja kaniuliza, “Bwana Musallam, barafu ya futari umeiweka wapi?” Nikamwambia nimeiweka panapohusu.

Nadhir amejibu. Wakati wa lile neno langu la kwanza alikuwa na ruhusa kazini, akairudisha. Sasa kitabu kiko mitamboni, hawezi kuachiwa mpaka tarehe mbili.

NGOJA. Herufi tano.

Jumanne, 29 Julai

Amelala. Ameamka. Ameuliza tarehe.

Jumatatu, 4 Agosti

Amekuja.

Marhun ndiye aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Tangu juzi ananiomba kazi hiyo. “Mzaha wangu ule, Musallam,” alisema, akaishia hapo, na mtu huyu hakuwahi kuishia popote. Walifika saa tisa alasiri. Nadhir ana ndevu, amekonda, amevaa kanzu iliyokunjika begini. Gari lilipita mbele ya nyumba yetu; Marhun anasema aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya wenyewe.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Nilikuwa nimebeba pande begani na gunia. Akanipokea. Akaliweka kwenye beseni, akaligusa kwa kiganja, akainama akatazama ndani yake. Aliona mkono wake upande wa pili.

“Maji umeyachemsha?” akauliza.

“Nimeyachemsha.”

Akanitazama. Kiwanda kizima alikulia humo, na barafu yangu siku zote ilikuwa na wingu katikati. Alijua nimelipata wapi jambo hilo. Akaingia kwa mama yake.

Sikuingia nao. Nilikaa na feni. Nilisikia Rahila akisema, “Sogea nikuguse. Mbona ndevu kama za imamu?” Kisha sikusikia kitu muda mrefu, ila maji ya falaji.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja na kitabu kipya, cha watoto, picha zote zake. Rahila anazitafuta picha kwa kidole. Katikati ya watazamaji wenye makoti na kofia za sufu, kila ukurasa, kuna mwanamke wa kanga.

“Huyu nani?”

“Wewe, mama.”

“Na mbona mmeninyima koti? Watu wote wamevaa!”

“Wewe huhisi baridi. Umeolewa na muuza barafu.”

“Muongo mkubwa. Na baba yako umemweka wapi?”

Nilikuwa pale pale, navunja pande. Nyundo nikaishusha polepole.

“Ukurasa wa mwanzo. Kabla ya watu kuingia. Yule wa kofia, anamwaga maji uwanjani.”

“Peke yake?”

“Peke yake. Lakini bila yeye hapana mchezo.”

Rahila akaniita niende nikaone. Nilisema mikono yangu imerowa.

Jumamosi, 9 Agosti

Hapana hesabu leo.

Jumapili, 10 Agosti

Rahila bint Sleyum amefariki leo, mwezi ishirini na nane Ramadhani, baada ya sala ya alfajiri. Nadhir alikuwa upande wa kulia, Khole wa kushoto. Mimi nilikuwa nabadilisha barafu. Khole aliniita, nikafika na gunia mkononi, akawa ameshakwenda.

Siku sita walikaa pamoja. Tungeweza kuwapa siku thelathini.

Turkiya na wanawake wake wamemkosha. Tumemzika kabla ya jua kupanda. Nadhir ameshuka kaburini akampokea. Mimi nilibaki juu.

Jumanne, 12 Agosti

Iddi. Watu wamekuja sabla kwa mkono wa tanzia, kanzu mpya, nyuso hazijui zivae furaha au msiba. Feni bado inazunguka bandani. Hapana aliyekumbuka kuizima.

Ijumaa, 15 Agosti

Tanga limekwisha. Nadhir usiku analala bandani kwa Turkiya, mchana ananisaidia kiwandani, mkono wake haujasahau kazi.

Leo baada ya sala tulirudi pamoja. Tulipofika nyumbani nikasimama. Nilikuwa nimeshalifikiri jambo hili siku tano, nami nilitaka niliseme vizuri, likatoka kama bili.

“Nadhir. Yamini imekwisha. Hapana tena wa kuachika. Ingia nyumbani kwenu.”

Akavua viatu. Akavipanga ukutani, kama alivyofunzwa na mama yake. Akafika kizingitini, akaweka mkono kwenye mwimo, mahali pale pale. Akatazama ndani: mkeka umekunjwa, kitanda hakipo, feni niliyoikaza parafujo mara ishirini.

Nilimsubiri.

“Baba,” akasema, “nilipokuwa sina ruhusa, mama alikuwemo. Leo nina ruhusa.”

Hakuimaliza. Akarudi akavaa viatu, kimoja kimoja, akanibusu mkono, akaenda zake shambani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimempeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Saa tatu njiani, tumesema habari za mitambo. Namna ya kukagua mafuta, namna ya kuzuia ukungu. Nilimwuliza kama kule wanalipa vizuri wachoraji. Akasema hawalipi vizuri. Nikasema hata mimi nilianza hivyo. Mlangoni alisema atatuma kitabu kingine kikitoka.

“Tuma,” nikamwambia. “Tuma vyote.”

Jumatatu, 25 Agosti

Digrii arubaini. Joto limeanza kuvunjika. Turkiya amefunga mizigo yake, anarudi jangwani. Banda kaliacha lilivyo.

Mapande mia na themanini, mazuri, hayana wingu.

Nyumba nimeirejeshea vitu vyake, Khole anaishi humo, mimi siwezi kulala ndani. Nimeweka benchi nje, ukutani, upande wa mlango. Jioni nakaa hapo na vile vitabu. Kiingereza changu ni cha bili na vipuri, lakini tarakimu nasoma lugha yoyote. Leo nimekipitia kitabu cha sheria chote, kidole kwenye kila mstari. Kukwatua, dakika mbili. Kumpiga mtu gongo, mbili. Kupigana, tano. Kumtukana refa, kumi.

Khole amekuja kunitengea chai. “Baba, utakaa nje mpaka lini?”

Nikamwambia akalale. Kila kosa kitabuni lina dakika zake, na mlango unaofunguliwa zikisha. Langu nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa. Halimo.